Mdudu wa Babu Genpachi

Asubuhi ile theluji ilifika dirisha la jikoni.
Bibi Fukue, akikamua soya iliyochemka,
alininong'oneza bila kugeuka:
"Usimsogelee babu yako leo.
Mdudu wake wa tumboni amekaa vibaya."

Nilikuwa na miaka sita. Neno nililishika kama lilivyo.
Nikachukua tochi yake mwenyewe,
ile ya kumulikia mabomba yaliyoganda,
nikamvizia amejinyoosha kando ya jiko la mafuta,
nikaupandisha ukanda wa sufu aliojizungushia kiunoni,
nikamulika.
Kitovu. Kovu. Nywele tatu nyeupe.

"Unatafuta nini?"
"Mdudu. Nimhamishe, akae vizuri."

Hakujibu. Alichukua koleo, akaenda kuzoa theluji
ambayo alikwisha kuizoa.

Nyumbani kwetu Sakata hakuna aliyesema, nimekasirika.
Husema, tumbo limesimama.
Nami nikaliona tumbo la babu likiinuka peke yake,
likivaa viatu vya mpira mlangoni,
likitoka bila kuaga.
Husema, fulani ana roho fupi,
nikadhani roho hupimwa kwa mita kama kitambaa,
na ya babu fundi aliikata vibaya.
Mama Isogai wa duka la chai, walisema, ana pua ndefu
tangu binti yake aolewe na daktari wa meno.
Nikaenda na rula ya shule.
Sentimita nne na nusu, sawa na ya bibi.
Alinipa peremende, akaniuliza kwa nini nimehuzunika.

Kisha akarudi baba mdogo Nobuteru kutoka Osaka,
hana kazi, hana mke, ana begi moja.
"Maskini, ameangusha mabega," bibi alisema,
nami nikapanda ngazi, nikashuka ngazi,
nikachungulia hata nyuma ya mtungi wa kachumbari,
nisiyaone.

Miaka mitatu hawakuwa wamesemezana, yeye na babu.
Sababu ilikuwa deni, au duka, au neno moja
lililotamkwa mbele ya wageni.
Mezani chumvi ilipita kwa mkono wa bibi
kutoka kwa huyu hadi kwa yule,
nusu mita, safari ya mataifa mawili.

Usiku wa nne, nyuma ya mlango wa karatasi,
nilimsikia babu:
"Basi. Leo tupasue matumbo, tuongee."

Mwenyezi! Niliyajua matumbo. Nilivijua na visu.
Nikateremka pekupeku hadi karakana ya tofu,
nikavikusanya vyote sita, hata kile kipana cha shaba,
nikavizika uani, kila kimoja shimo lake,
kisha nikalala na soksi zilizolowa,
nikisubiri ukelele.

Hapakuwa na ukelele.
Palikuwa na sauti ya chupa ikiwekwa chini,
ukimya mrefu, kikohozi,
halafu mtu mzima analia kwa kubana,
na mpaka leo sijui alikuwa yupi.

Alfajiri tofu ilikuwa tayari, ndani ya maji,
ubao mzima, mweupe, haina cha kuikatia.
Wateja walikwisha kupanga mstari na mabakuli yao.
Nikakiri.
Babu alimtazama Nobuteru. Nobuteru alimtazama babu.
Wakachukua makoleo mawili.
Walichimba bega kwa bega, mvuke ukiwatoka vinywani,
na mabega ya baba mdogo, nikaona,
yalikuwa mahali pake.

Sasa nina miaka arobaini na mmoja, nafanya kazi Sendai,
jengo lenye lifti nane.
Wakiniuliza kama sijambo, najibu sijambo,
na chini ya mbavu kitu kinajigeuza,
kinatafuta pa kukaa.

Walipata visu vitano.
Cha sita kilijitokeza mwezi wa tatu, kimeshika kutu,
karibu na bomba la maji.
Babu alikinoa jioni nzima, mdomo wazi,
akisahau kununa.
Hakikukata tena vizuri.
Alikitumia hicho hicho.