Merikani

Leo asubuhi wamekuja wawili, kila mmoja na lake.
Bi Mwanahawa wa Ilala, macho mekundu,
anataka bafta, yadi kumi na mbili, nyeupe, isiyo na ua.
Sikumuuliza ya nani. Yadi husema zenyewe.
Nyuma yake mama Fotunata, katoka Kigogo,
mwanawe Jumapili anapokea kipaimara:
gauni, mikono mirefu, kola isimkabe.
Kijana wa dukani hakuwepo, nikakata mwenyewe,
hapa kibarazani kwa Taherali, Mtaa wa Mchikichi,
jora moja, mkasi ule ule.

Bibi yangu wa Kisarawe asingeiita bafta.
"Nipe merikani, mjukuu," angesema,
nami mtoto nikidhani Merikani ni mtu,
fundi fulani wa mbali, asiyelala,
anayewafumia maiti wetu usiku kucha.

Sikudhani wangu yuko kidato cha tatu.
Jana jioni kaja na zoezi la historia:
*Wamarekani ni nani? Jadili.* Alama ishirini.
Ananiuliza mimi, niliyeishia la saba!
Nikampa ncha ya jora.
Shika hapo, nikamwambia. Tulikunjue.

Pamba hii (nasema ile ya zamani, ya bibi)
iliota kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe.
Wakaamriwa kuhama, wazee kwa vichanga,
wakaswagwa kwa miguu kuelekea magharibi, na baridi ile,
miungu yao wakaibeba vifuani.
Majina ya mito yakabaki,
yakitamkwa na watu wasiojua maana yake.
Anza na hao.

Aliyeichuma, simjui, nambuni tu: tumwite Yoro.
Shambani walimwita Tomu.
Alfajiri alisimama nyuma ya ghala,
akaelekea upande aliokisia ndio,
akasoma Alhamdu kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia.
Mkewe alimwomba Yesu. Walikula sahani moja.
Watoto wao wakauzwa, huyu huku, huyu kule.
(Hesabu, mwanangu: dini tatu tayari,
na uzi haujasokotwa.)

Aliyeifuma ni Brijiti, msichana wa Kiayalandi,
huko kaskazini, kwenye kinu kinachonguruma
mpaka meno yanacheza kinywani.
Rozari mfukoni. Mtaani walimrushia mawe
kwa ajili ya Papa ambaye hajamwona hata pichani.
Na yeye, nisikufiche, siku alipokuja mtu mweusi
kuomba kazi pale mlangoni, alimtemea mate.
Andika na hilo. Usimpambe mtu.

Nahodha aliyeileta alikuwa Mprotestanti,
mtu wa sala ndefu kabla ya chakula,
hanywi, hatukani, hanunui mtumwa;
pamba ya mtumwa ananunua.
Akamuuzia Mhindi pale Unguja, Mhindi akaukopesha msafara,
msafara ukapita Kisarawe,
na bibi wa bibi yangu akaupapasa mtumba kwa vidole,
akasema: hii nzito, hii itafaa.

Sikudhani alinyamaza kitambo.
Kisha: "Baba, mwalimu anataka tarehe."

Tarehe sina. Nina yadi.

Nikamuuliza: na darasani kwenu mko wangapi?
Akaanza kuwataja, Mpare, Mmakonde, Msomali mmoja,
yule Msabato asiyekuja kwenye masomo ya Jumamosi,
akachoka kabla hajamaliza dawati la tatu.
"Na mnapendana?"
Akacheka. "Siku nyingine."

Sasa ni saa sita. Bi Mwanahawa ameondoka mbio,
maiti haisubiri. Gauni nimelifikisha kiunoni.
Jora lenyewe lina mhuri wa Kichina,
sijui nani kafuma, sijui anasali vipi.
Kimesalia kipande, hakitoshi hata leso.
Nimemwekea Sikudhani,
akibandike mwisho wa ukurasa,
pale wenzake watakapoandika
*kwa kuhitimisha*.