Jiwe Katikati ya Chumba

Isamilo nyumba hazilivunji jiwe, huliomba nafasi.
Studio ya Mama Nyanzobe imeliacha liingie ndani,
mgongo wa kijivu katikati ya chumba,
kalenda ya mwaka juzi imebandikwa ubavuni.
Upande huu Lushinge na kamera yake,
upande ule Mugeta na yake,
na juu ya mlango, penye waya, kisanduku cheupe
kinachotakiwa kuwasikia wote wawili.

Nimeitwa kwa sababu bibi harusi hana pua.
"Tazama mwenyewe," ananiambia mama,
na kweli: shela lipo, hereni zipo,
katikati ya uso miraba ya kijani inacheza.
Wenyewe wanakuja saa kumi.

Nimekaa sakafuni, kompyuta mapajani.
Mawimbi hayaonekani; mtu huhesabu yaliyokufa.
Haya ni ya mbio, na ni ya karibu:
harusi nzima hupita kabla hujafunga kifungo cha shati,
lakini ni hatua kumi tu,
na kijana wa chai akikatiza na birika
yanamfia kifuani.
Sasa jiwe je?

Lushinge hana kosa. Kamera yake ina adabu:
kabla ya kusema hutega sikio,
ikisikia kimya, husema.
Ya Mugeta vilevile. Kimya, husema.
Kumbe kimya walichokisikia ni jiwe.
Kule mlangoni sauti zikafika pamoja,
pua juu ya keki, keki juu ya shangazi,
kisanduku kisiambulie hata neno.

Zikigongana, kila kamera hurusha kete:
ingoje mapigo mangapi?
Mawili. Ikigongwa tena, manne.
Manane.
Kumi na sita.
Aliyeumia ndiye anayezidi kungojeshwa.
Sheria hiyo sikuitunga mimi.

Nikazifundisha kuomba kwanza, kwa neno fupi:
"Naomba kusema, kwa kitambo kadha."
Kisanduku, kinachosikika pande zote, hujibu:
"Sema, Lushinge."
Na jibu lilo hilo, likimfikia Mugeta,
maana yake ni nyamaza.

Saa tisa na nusu pua ikarudi.
Mama Nyanzobe kalipa nusu; nusu, kasema, Ijumaa.

Tulipomzika baba, kule Nansio,
mimi na kaka yangu Mazigo tulimweleza mama habari za shamba,
mimi nikiwa jikoni, yeye yuko uani,
kila mmoja alingoja kimya kwanza, naapa,
na mama kizingitini, khanga mdomoni:
"Nasikia kelele tu, wanangu."
Mwaka wa tatu huu.
Nami nimekuwa nikirusha kete:
mwezi, miezi miwili, minne, minane.

Nateremka ngazi zilizochongwa kwenye mwamba,
ziwa chini linawaka kama bati jipya,
mtu anapigilia misumari mahali nisipopaona.
Nasimama. Nampigia mama, si Mazigo.
"Mama, naomba kusema. Dakika mbili."
Nasikia sufuria, jogoo, mlango,
nasikia mkono wake ukiifunika simu, kisha ukiifunua.

"Ngoja," anasema.
"Mazigo yupo hapa. Bado anasema."