Pengo la Ukingoni

Delfina alikodi msumeno wa zege kwa siku moja,
akakata ukingo wa barabara, upana wa mapaja mawili,
mbele ya nyumba yake, Tucson, mwezi Juni,
lami ikinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Jirani yake Anselmo akauliza toka kivulini:
"Una kibali?"
"Na maji yanayopita hapa kila Julai,
yanacho?"

Akachimba. Si kisima, si kaburi
(ingawa Anselmo alisema lingemtosha mbuzi),
beseni tu la udongo, kokoto mdomoni,
na katikati mgunga mmoja, mwembamba kama kalamu.

Kisha wiki tano za mbingu nyeupe.
Mgunga ukanywa maji ya kuoshea vyombo.

Radi moja, saa kumi alasiri.
Barabara ikawa mto wa rangi ya chai,
ule ule uliomwingilia sebuleni mwaka juzi
ukaozesha picha za harusi.
Ulikuja na ndara, makopo, matawi, haraka zake.
Maji hufuata mkondo;
yalipofika pengoni yakasita,
yakageuza shingo kama mgeni aliyeitwa kwa jina,
yakaingia.

Usiku alisikia udongo ukimeza.

Asubuhi palikuwa pakavu. Hapakuwa na cha kuonyesha
ila ndara moja, ya kushoto.
Sebuleni, zulia halikulowa.
Mpira wa bustani ulibaki umejiviringisha ukutani,
hadi buibui akautandia.

Anselmo hakusema kitu.
Jumamosi akabisha hodi, macho chini:
"Ule msumeno.
Duka gani?"