Dakika Tano

Kazi yangu ni kusafisha. Si sakafu:
namba. Ofisi iko Nyawera, ghorofa ya pili.
Chini yetu wanauza mabati; mchana kutwa
nasikia wateja wakiyagonga kupima unene,
nami huku juu nagonga saa za watu
nisikie ipi ina uwazi ndani.

Kila asubuhi zinanifikia fishi za magari matatu,
nyingine zimelowa, moja ilikuja na alama ya kidole, ya damu,
penye neno "jina".
Umri: 999. Jinsia: ndiyo.
Mahali: Cimpunda, kwa mama wa mikate, uliza.
Mgonjwa mmoja amezaliwa kesho.
Mwingine kafikishwa hospitali
kabla hajaanguka.

Huyu wa mwisho nilimwelewa mapema.
Nsimire, anayepokea simu, huandika saa ya redio:
14:10.
Cirhuza, dereva, huandika saa ya mama yake,
ile inayoanza kuhesabu jua likichomoza:
8:40, yaani nane na dakika arobaini, mchana peupe.
Hakuna mwongo kati yao.
Kuna saa sita tu.
Nikaiandikia kompyuta kanuni ya mstari mmoja:
saa ya dereva ikiachana mno na ya simu,
ongeza sita au toa sita,
shika iliyo karibu.
Siku ile nililala vizuri.

Novemba mvua iliimega Bukavu vipande vipande.
Ripoti yangu hata hivyo ilitoka kijani,
na safari moja iking'aa kuliko zote:
simu, 02:10. Kufika, 02:15.
Funu. Mwanamke, miaka ishirini na saba. Damu.
Mkubwa aliisoma kwa sauti mbele ya watu: dakika tano!
Tukapiga makofi.
Cirhuza, ambaye hakuwepo, akatengewa fulana.

Ijumaa alipanda ngazi, fulana mkononi,
bado imekunjwa ndani ya nailoni yake.
Hakukaa.
"Dada Ntakwinja, ile gari ya dakika tano,
nani aliiendesha?"

"Wewe."

"Mimi nilifika saa mbili na robo, jua linawaka.
Mlima ulishuka barabarani usiku. Tulichimba na jembe moja,
wenyeji wakaleta sahani, tukachimba na sahani.
Kaka zake walimbeba kwa machela kutoka upande ule.
Tulikutana katikati ya tope."

"Lakini uliandika nane na robo."

"Si ulitufundisha wewe, Jumatatu ile?
Ulisema tuandike saa ya redio.
Nikaandika."

Nilitafuta karatasi yenyewe. Chini kabisa,
penye "maelezo mengine", mahali kompyuta haipaulizi,
kulikuwa na mwandiko wake unaopanda kama njia ya Kadutu:
*barabara imekufa. tunachimba. kwa simu wanasema bado anaongea.*
Halafu, kwa biro ya rangi nyingine:
*bado.*

Niliifuta kanuni. Nikaandika 08:15.
Kisanduku kikawa chekundu,
wastani wa mwezi ukaumuka kama maziwa yaliyosahauliwa motoni.
Mkubwa atauliza. Na aulize.
Nimeanza kurudi nyuma, fishi kwa fishi, tangu Machi,
kutafuta ni nani wengine niliowawahisha.

Kilibaki kisanduku kimoja:
hali ya mgonjwa alipofikishwa.
Cheupe. Kompyuta ikimetameta: lazima kijazwe.
Cirhuza alikitazama, kisha akatazama dirisha.
Nilikuwa na kalamu mkononi, sikumuuliza.
Chini mtu aligonga bati, akasikiliza,
akagonga tena.

Fulana iko kwenye droo yangu mpaka leo.
Saizi yake iliandikwa sawasawa.