Kumi na Sita

Mimi ni karani wa komini, Kadutu,
dawati la pili baada ya ngazi, lile lenye mguu wa tofali.
Barua ikiingia naipiga muhuri: IMEPOKELEWA.
Ikitoka naipiga muhuri: IMETUMWA.
Muhuri wa IMEJIBIWA tunao pia.
Bado mpya. Wino haujaujua.

Leo asubuhi Mama Nsimire aliingia na beseni la sambaza,
harufu ya ziwa ikatangulia hadi kwa burgomesta.
Akaweka mezani jetoni zake za soko, za mwaka mzima,
amezifunga kwa uzi wa wavu.
"Murhula, mwanangu, hesabu."
Nikahesabu: mia tatu na kumi na mbili.
"Sasa nionyeshe daraja langu."

Daraja lake ni mbao tatu juu ya korongo.
Ya kwanza ilikwenda na mvua ya Aprili.
Ya pili alikwenda nayo mtu, akapikia maharagwe,
wala hatumlaumu, makala yamepanda bei.
Imebaki moja. Watoto wa shule wanaivuka kwa mstari,
mikono wameitandaza,
daftari kwenye meno.

Nikamwambia, Mama, sheria ni nzuri, nimeisoma.
Katika kila mia ya kodi ya taifa
arobaini ni haki ya jimbo;
katika hiyo arobaini, sisi wadogo
tugawiwe arobaini kwa mia.
Nikaandika nyuma ya bahasha: 16.
Akaitazama ile kumi na sita
anavyotazama samaki wa juzi.
"Imefika?"
Iko njiani, Mama.
"Njia gani? Ile yenye daraja langu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku madaraka yalipotushukia tulipiga vigelegele:
taka ni zenu, mifereji ni yenu, soko ni lenu,
maiti wasio na ndugu ni wenu.
Fedha ilibaki juu, ikifunga viatu.
Jimbo linasema, Kinshasa haijatuma.
Kinshasa inasema, leteni ripoti.
Ripoti naandika mimi, kwa karatasi niliyonunua mwenyewe,
na mshahara wangu umo ndani ya ile kumi na sita.

Burgomesta si mwizi. Nasema hivi mlango ukiwa umefungwa.
Pikipiki yake haina mafuta tangu Pasaka,
anarudi mikutanoni na tope hadi magotini.
Aliyemtangulia alikuwa na gari.
Daraja halikuwepo pia.

Mama Nsimire akazikusanya jetoni, moja moja.
Kisha akagonga dawati langu kwa kifundo cha kidole.
"Hii ni mbao gani?"
Libuyu, Mama.
"Ina urefu gani?"
Mita mbili kasoro.
Akajitwika beseni, akashuka ngazi bila kuaga.

Jioni, wenzangu walipoondoka, nililipima tena.
Upande wa dirishani
ni mita mbili kamili.