Pambizoni

Kibanda changu kimepakana na kinu cha Shivachi,
ndiyo maana vitabu vyangu vyote vinanukia unga.
Nakodisha shilingi ishirini kwa wiki.
Ukikirarua utalipa. Ukikiandika nitanyamaza,
maana nyie wasomaji wa Luanda
heri mwandike kitabuni kuliko mje kunisimulia
siku ya soko, watu wamenijaa mlangoni.

Hii hapa riwaya ile kongwe.
Jalada lake nimelishona kwa uzi wa viatu.
Imefundishwa mashuleni tangu baba zetu wavae kaptura.
Ukurasa wa tisa, mwalimu Adagala, wino mwekundu:
*Lugha iliyopikwa ikaiva.*
Chini yake, chaki ya cherehani, fundi Apiyo:
*Imeiva hadi imeungua. Kurasa tatu anaeleza mlango.
Bwana, ingia ndani!*

Ukurasa wa sitini kuna neno *uongo* mara nne,
kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka penseli ikatoboa.
Nilichukua miezi kumjua mwenye penseli.
Ni Khavere, muuza omena.
"Kurasa mia tatu," aliniambia akipangusa mikono,
"na mke wa kwanza anapika tu.
Hata chumvi hajaulizwa kama imekolea."
Kisha akaikodi tena. Mara ya tatu hiyo.

Sasa huu, wasifu wa Ogoma Kandambili,
mchekeshaji aliyevunja watu mbavu
kutoka Butere hadi Kendu Bay,
huu haukai rafuni.
Vijana wa bodaboda wanausoma kwa zamu
na kulalamika kwamba picha ni chache.
Apiyo, yeye wa mlango ulioungua,
aliurudisha macho mekundu:
kumbe Ogoma alimzika mwanawe asubuhi
na jioni akapanda jukwaani, watu wakacheka.
Khavere akasema mtu wa hivyo hasomwi, anaombewa.
Mwalimu Adagala hataki hata kuugusa.
"Porojo za mlevi," alisema, "zimepigwa chapa."
Lakini mvua ilimkamata kibandani siku moja
nikamwona amenigeuzia mgongo, kasimama na kitabu,
mabega yakimtikisika.

Mwaka jana akaja mama mmoja toka upande wa Yala,
mkongojo mkononi, miwani imefungwa kwa bendeji.
Aliuchukua kwa wiki moja, akakaa nao tano.
Alilipa shilingi mia bila kubishana,
akaenda zake hata chai hakutaka.
Nikafungua.

Ukurasa wa themanini na nane mwandishi anafafanua
kwa nini Ogoma hakuvaa viatu jukwaani:
eti aliwakejeli wakubwa, eti ilikuwa falsafa.
Pembeni, kwa kalamu ya bei rahisi,
herufi kubwa za mtu aliyejifunzia kusoma ngumbaru:

*VIATU VILIIBWA BUTERE.
KANDAMBILI NILIMNUNULIA MIMI.
SHILINGI NNE.*

Hakuweka jina.
Nimepekua kitabu kizima nikimtafuta,
kwenye shukrani, kwenye picha, kwenye faharasa.
Hayumo.

Tangu hapo watu wanaukodi kwa ajili ya ukurasa ule.
Kuna aliyeandika *pole mama*.
Kuna aliyeandika *ushahidi uko wapi?*
naye akafutwa na mtu, nadhani Khavere,
kwa maana karatasi imetoboka.
Na juu kabisa, kwenye kona,
kuna alama ya vema,
ndogo, ya wino mwekundu.

Huniuliza, basi wewe mwenye duka, kipi bora?
Mimi hujifanya sisikii, kinu kinanguruma.
Ukweli ni kwamba riwaya ile sijaimaliza.
Nimefika pale mlangoni.
Ni mlango wa mvule, una kovu la panga,
bawaba moja imelegea, na usiku upepo ukivuma
unagonga wenyewe, taratibu, kama mgeni mwenye haya.
Apiyo ana haki yake.
Ila mimi bado sijataka aingie.