Betri ya Lada

Siku ya tatu Kutaisi haina umeme.
Mjomba Nodari akafungua boneti ya Lada,
akaipandisha betri hadi ghorofa ya nne
huku tindikali ikimtoboa shati la harusi.
Televisheni ikawaka, ndogo kama sahani.

Tulibanana watu kumi na saba.
Tsiala alileta mbegu za alizeti,
hakutafuna hata moja.

Kijana wetu akapaka chaki viganjani,
akakohoa, akachuchumaa.
Chuma kikapanda, kikatua kifuani.
Mashavu yakamwiva, magoti yakamtetema,
tukasimama naye, tukabana pumzi naye,

betri ikafa.

Hakuna aliyekaa.
Nilisikia mbegu zikidondoka sakafuni
moja moja, kama mvua inayosita.

Kisha ng'ambo ya mto Rioni,
mtaa wenye umeme
ukapiga ukelele mmoja.

Picha ile nimeiona baadaye, mara nyingi, kwa rangi:
mikono imenyooka, taa tatu nyeupe.
Siitambui.
Kwangu mimi chuma bado kiko kifuani,
na Mjomba Nodari, gizani,
shati limejaa matundu,
ameinua mikono mitupu
hadi kugusa dari,
anakataa kuishusha.